Neno "Swichi" na Kazi Yake Katika Mitandao ya Mitambo: Mfano wa Gerezani, Dar es Salaam

Makala haya yakusudia kueleza chombo kimoja kidogo ambacho siku hizi chatumika katika reli, vituo vya umeme, bandari na viwanda, na ambacho jina lake katika Kiswahili bado halijatulia. Chombo hicho huunganisha kompyuta na mashine ili ziweze kupelekeana habari, na mafundi hukiita swichi. Neno lenyewe si geni. Kila mtoto wa mjini alijua kwa kuwashia na kuzimia taa. Lakini kazi ya chombo kinachoelezwa hapa haihusiani na kuwasha wala kuzima, na mtu anayekiendea kwa fikira ya swichi ya taa hawezi kukifahamu. Kwa hiyo yafaa kwanza kitazamwe chombo na kazi yake, kisha lipimwe jina.

Mahali panapofaa kutolewa mfano ni Gerezani, katika jiji la Dar es Salaam, karibu na soko la Kariakoo na stesheni ya reli. Jina la mtaa huu latokana na neno gereza, nalo gereza wachunguzi wa asili ya maneno hulitoa katika neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Kule Kilwa Kisiwani, Gereza ni jina la ngome iliyo ufukweni; katika lugha ya leo gereza ni mahali pa kufungia wahalifu. Neno moja limetoka katika ibada, likapita katika ngome, likafika katika kifungo, na hakuna msemaji wa leo anayekosea njia kwa sababu ya historia hiyo. Mfano huu waonyesha kwamba neno la mkopo laweza kuhama maana bila madhara, mradi maana mpya iwe wazi kwa wote wanaolitumia.

Gerezani na mitaa inayoizunguka imekaa na vyombo vya usafiri kwa muda mrefu. Reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Mwezi wa Mei 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kuchukua abiria, na tawi moja la njia zake laishia Gerezani. Tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme katika reli ya kisasa ilianza safari za abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai mwaka huo huo ikaendelea hadi Dodoma.

Katika mabadiliko hayo watu wa mjini hawakungoja kamati ya lugha. Mabasi yaliyopewa jina refu la "mabasi yaendayo haraka" waliyaita mwendokasi, na jina hilo likashika. Treni za umeme zenye pua iliyochongoka ziliitwa mchongoko. Majina haya mawili yana jambo moja la kufanana: kila moja limetokana na kitu kinachoonekana, ama mwendo wa gari ama umbo lake. Hii ndiyo njia ya kawaida ya umma kuunda maneno. Chombo kinachozungumzwa hapa, hata hivyo, kimefungiwa ndani ya kasha la chuma kando ya njia au katika chumba chenye kufuli. Abiria hakioni, na mara nyingi hata dereva hakioni. Kwa kuwa hakionekani, umma haukukipa jina; na mafundi wanaokiona walilichukua neno la Kiingereza kama lilivyo katika vitabu vyao. Hapa pana kazi ya wataalamu wa lugha.

Katika Kiingereza neno "switch" lilikuwa na maana ya fimbo nyembamba inayopindika. Reli zilipoenea, Wamarekani walilitumia kwa kipande cha reli kinachosogezwa ili treni iache njia moja na kufuata nyingine. Baadaye likaingia katika umeme, kisha katika simu, ambako lilitaja mtambo wa kuunganisha mtu mmoja na mwingine. Maana ya chombo cha mtandao yafuata tawi hili la reli na simu, yaani kuchagua njia. Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea neno kwa njia ya taa za nyumbani, yaani kwa tawi la kufunga na kufungua umeme. Neno lilipoletwa mara ya pili pamoja na kompyuta, lilikuta nafasi yake imekwisha jazwa na maana nyingine. Hicho ndicho chanzo cha utata. Mtu wa Gerezani aliyezoea kuona treni zikihamishwa kutoka reli hii hadi ile angekifahamu chombo mara moja kama angeambiwa kwamba ni kigeuza njia. Aambiwapo swichi, hutafuta mahali pa kubonyeza.

Kazi yenyewe yaweza kuelezwa hivi. Mwaka 1973, huko Palo Alto nchini Marekani, Robert Metcalfe na wenziwe katika maabara ya Xerox walibuni njia ya kuunganisha kompyuta kwa waya mmoja, nayo ikaitwa Ithaneti. Habari hukatwa vipande vipande, na kila kipande huwekwa katika kifurushi chenye anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji. Anwani hiyo ina tarakimu 48 za mfumo wa mbili, na kila mashine hupewa ya kwake kiwandani. Baadaye kulikuwa na chombo kilichoitwa habu, ambacho kilipokea kifurushi kwa mlango mmoja na kukitoa kwa milango mingine yote. Habu ni kama mpiga mbiu wa zamani: neno la mtu mmoja lilitangazwa kwa mji mzima, na mwenye kuhusika alijitambua mwenyewe. Mashine mbili zikisema kwa wakati mmoja, maneno yaligongana, na zote zilipaswa kunyamaza na kuanza upya.

Swichi ya Ithaneti ilitolewa sokoni mwaka 1990 na kampuni ya Kimarekani iliyoitwa Kalpana. Chombo hiki hufanya kazi kama karani wa posta. Kifurushi kinapoingia, karani huyu husoma kwanza anwani ya mpelekaji na kuandika katika daftari yake kwamba mtu huyu yupo katika mlango fulani. Kisha husoma anwani ya mpokeaji. Akimkuta katika daftari, hupitisha kifurushi kwenye mlango wake peke yake. Asipomkuta, hukitoa kwa milango yote, na jibu litakaporudi humwandika. Kwa njia hiyo chombo hujifunza mji wake bila kufundishwa na mtu. Milango miwili yaweza kusemezana huku mingine miwili ikisemezana, na hakuna mgongano.

Swichi ya namna hii yatosha kwa duka au ofisi ndogo. Katika maduka ya Kariakoo hupatikana nyingi, na mnunuzi huchomeka waya tu, kazi ikaanza. Tofauti huanza pale mitambo inapotegemea mtandao kwa kila dakika ya kazi yake. Hapo mafundi hutaka chombo chenye sifa mbili zaidi, ambazo Kiingereza huzitaja kwa maneno mawili mafupi na Kiswahili hakina budi kuzichagulia maneno kwa uangalifu. Sifa ya kwanza ni kwamba chombo kinaweza kusimamiwa. Ya pili ni kwamba kinastahimili mahali kilipowekwa.

Swichi isiyosimamiwa haina mlango wa kuzungumza na fundi. Haipokei amri wala haitoi habari zake. Ile inayosimamiwa ina anwani yake yenyewe, na fundi aliye mbali aweza kuiuliza hali yake, kuibadilishia kazi na kusoma kumbukumbu zake. Itifaki inayotumika sana kwa mazungumzo hayo ilitolewa mwaka 1988. Faida zake zaweza kuonekana katika mambo manne.

Jambo la kwanza ni mzunguko. Katika mitambo, waya mmoja hautoshi, kwa maana shoka la mchimba mfereji laweza kuukata. Kwa hiyo swichi hupangwa katika duara, ili njia moja ikikatika habari zipite upande wa pili. Lakini duara lina hatari yake. Kifurushi kinachotangazwa kwa milango yote huzunguka bila mwisho, kikizaa nakala katika kila swichi, na baada ya muda mfupi mtandao mzima hujaa nakala hizo na kusimama. Tufani hiyo huweza kuanzishwa hata na fundi mmoja aliyechomeka ncha mbili za waya mmoja katika swichi ile ile. Mwaka 1985 Radia Perlman, mtaalamu wa Kimarekani, alibuni kanuni inayoziwezesha swichi kushauriana na kufunga mlango mmoja wa duara kwa hiari yao, na kuufungua pindi njia nyingine ikatikapo. Kanuni hiyo ya asili huchukua sekunde 30 hadi 50 kurekebisha njia. Kwa barua ya ofisi muda huo si kitu. Kwa mitambo ni mrefu mno. Kwa ajili hiyo zilitungwa kanuni nyingine za duara kwa viwanda na reli, na mojawapo huweza kurudisha njia katika duara la swichi 50 kabla ya kupita milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde.

Jambo la pili ni mgawanyo. Fundi aweza kuigawa swichi moja kana kwamba ni nyingi, ili kamera za ulinzi, mashine za tiketi na vyombo vya ishara visisikilizane ingawa vimo katika kasha moja. Jambo la tatu ni kipaumbele: vifurushi vya ishara hupishwa mbele, na picha za kamera hungoja. Jambo la nne ni ulinzi. Mlango usiotumika huweza kufungwa, na mashine isiyojulikana ikichomekwa hukataliwa na msimamizi hupewa habari.

Uzito wa mambo haya waonekana katika reli mpya. Mfumo wa ishara uliowekwa katika reli ya kisasa ya Tanzania ni ule wa Ulaya wa daraja la pili, ambao humpa dereva idhini ya mwendo kwa redio. Kompyuta za kituo hupokea habari za njia kutoka kwa vyombo vilivyo kando ya reli, hujua ni wapi palipo wazi, na hupeleka idhini kwa treni. Mfumo umeundwa ili mawasiliano yakikatika kupita muda uliowekwa, treni isimame. Kwa hiyo kukatika kwa mtandao hakutarajiwi kuleta ajali, huleta kusimama. Lakini treni ikisimama njiani, na ya nyuma yake hungoja, na abiria waliojaa stesheni hawapati maelezo. Sekunde 30 na sehemu moja ya tano ya sekunde ni umbali wa safari iliyovunjika na safari iliyoendelea.

Sifa ya pili ni ustahimilivu. Swichi ya ofisi kwa kawaida hutengenezwa kwa joto la nyuzi 0 hadi 40 za sentigredi. Dar es Salaam hupata nyuzi 30 na zaidi katika miezi ya joto, na ndani ya kasha la chuma lililofungwa juani joto huweza kupita lile la nje kwa nyuzi 20 au zaidi. Swichi ya mitambo hutengenezwa ili ifanye kazi kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi nyuzi 75 juu yake. Haina feni, kwa sababu feni huvuta vumbi na huchakaa mapema. Joto lake hutoka kwa ubavu wa chuma wenye mapezi. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya makadirio kwamba kapasita za majimaji hupoteza nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Ndiyo maana chombo cha ofisi kilichowekwa kandokando ya njia hakifi siku ya kwanza. Hufanya kazi, kikaaminiwa, kisha kikazimika wakati ambapo hakuna aliyekitazamia.

Joto si adui pekee. Hewa ya chumvi itokayo baharini hula shaba ya milango. Vumbi la karakana za vyuma huweza kupitisha umeme. Treni na magari makubwa hutikisa, na waya uliochomekwa kwa kibanio chepesi hulegea. Ndiyo sababu ndani ya mabehewa hutumika viunganishi vya mviringo vinavyofungwa kwa kukazwa. Njia ya umeme wa treni ina volti 25,000, na swichi iliyo karibu nayo hupata misukosuko ya umeme ambayo ya ofisini haikutayarishiwa. Kwa sababu hii masafa marefu huunganishwa kwa nyuzi za kioo, zile ambazo Watanzania wamezoea kuziita mkongo, kwani kioo hakipitishi umeme. Chombo chenyewe hufungwa juu ya kipande cha chuma chenye upana wa milimita 35, ambacho nacho mafundi hukiita reli. Hulishwa umeme wa volti 24 kwa waya mbili kutoka vyanzo viwili, ili kimoja kikikosa kingine kiendelee.

Baada ya kazi kufahamika, majina yaweza kupimwa. Neno swichi lenyewe limekwisha enea miongoni mwa mafundi, na kulifukuza hakuna faida. Lililo muhimu ni kulitenga na swichi ya taa, na hilo hufanyika kwa kusema "swichi ya mtandao". Neno "kigeuza njia" lina uzuri wa kueleza, lakini lakaribiana mno na "kipanga njia", ambalo limekwisha tumika kwa chombo kingine, kile kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine. Maneno mawili yanayofanana kwa vyombo viwili vilivyo katika kasha moja yangezidisha utata.

Kwa sifa ya kwanza, baadhi ya watu huandika "swichi simamizi". Umbo hili halifai, kwa maana kiishio cha -zi katika maneno kama mwokozi na msimamizi huonyesha mtenda. Swichi simamizi ingekuwa ile inayosimamia nyingine, hali chombo hiki ndicho kinachosimamiwa. Kitenzi kuongoza nacho huleta shida, kwani swichi yenyewe huongoza vifurushi, na msomaji hatajua ni nani anayemwongoza mwenziwe. Kudhibiti kuna maana ya kuzuia kuliko kutunza. Kusimamia ndiko kunakokaribia zaidi: msimamizi wa kazi huamuru, hutazama na huletewa taarifa, na mambo hayo matatu ndiyo yafanyikayo. Lisemwe basi "swichi yenye kusimamiwa".

Kwa sifa ya pili maneno ni mengi: gumu, imara, sugu, shupavu. Gumu na imara hutaja mwili wa kitu, na mnunuzi aweza kudhani kwamba kasha nene la chuma latosha. Sugu ni neno zuri lenye asili katika ngozi iliyokomaa kwa kazi, lakini siku hizi limeshikwa na wadudu na vimelea wasiosikia dawa. Stahimilivu lashinda yote, kwa sababu kitenzi kustahimili hudai kuulizwa: kustahimili nini? Mbegu husemwa kuwa zastahimili ukame. Vivyo hivyo mwuza swichi ataulizwa kama yastahimili joto la nyuzi ngapi, chumvi, mtikisiko, au misukosuko ya umeme. Jina linalozaa swali la namna hiyo humlinda mnunuzi.

Limebaki neno "ya viwandani", ambalo hutumika sana katika tafsiri. Katika Kiswahili kiwanda ni mahali pa kutengenezea bidhaa. Stesheni ya treni si kiwanda, wala kituo cha mabasi, wala kituo cha kupozea umeme. Mhifadhi wa ghala aliyeandikiwa "swichi ya viwandani" aweza kuona kwamba haimhusu na kununua ile ya ofisini. "Swichi ya mitambo" yaeleza mahali pote panapokusudiwa. Katika kamusi maelezo yangeweza kuwa hivi:

Swichi stahimilivu ya mitambo: chombo chenye milango mingi, kinachopokea vifurushi vya data na kupitisha kila kimoja kwenye mlango wa mpokeaji wake, kilichotengenezwa kustahimili joto, vumbi, chumvi, mtikisiko na misukosuko ya umeme. Ikiwa yaweza kupokea amri na kutoa taarifa kwa fundi aliye mbali, huitwa yenye kusimamiwa.

Huenda ikaonekana kwamba jambo hili ni la mafundi peke yao. Lakini mwaka 2021 sheria ilibadilishwa nchini Tanzania, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba wa kununua vyombo, ripoti ya kusimama kwa mitambo na ushahidi wa fundi vyote vyaweza kufika mbele ya hakimu kwa Kiswahili. Ikiwa mkataba wasema "swichi" tu, mwuzaji aliyeleta chombo cha duka amelitimiza neno la mkataba, na kasha la kando ya njia litabaki na kitu kisichoweza kukaa humo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 kwa kazi za namna hii, na kamati iliyotangulia ilianza kazi ya kusanifisha lugha mwaka 1930. Vizazi hivyo vilishughulikia maneno ya shule, ya dini na ya utawala. Maneno ya vyombo vilivyomo ndani ya makasha yaliyofungwa yangali yakingoja, na watu wa Gerezani wanaopanda treni na mwendokasi kila asubuhi huvitegemea vyombo hivyo bila kuviona.